Taa ya Nguzo ya Nane

Juzi hapa Pearland tulialikwa kwenye sherehe ya mtoto wa jirani aliyehitimu chuo. Vijana wakaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu, nikawaambia nilikuwa fundi wa taa kwenye kilima cha kuteleza kwa ski. Wapi? Karibu na Irving, kule Dallas. Wakatazamana. Mmoja wao, anayesomea uhandisi, akaniambia kwa adabu zote, "Uncle, I think unamaanisha Colorado. Dallas hakuna snow." Alinihurumia kweli, nikaona kwenye macho. Nikamwacha amalize soda yake, maana kijana akishaamua kwamba mzee amechanganyikiwa, kubishana naye ni kumpa ushahidi.

Basi nawaandikia nyinyi, yeye akiwemo, hasa mliojiandikisha kujifunza ufundi wa umeme huku Texas. Kilima kilikuwepo. Kilikuwa cha udongo uliorundikwa, urefu wake hauzidi jengo la ghorofa nne, na juu yake palitandikwa mikeka ya plastiki yenye nywele ngumu, kama brashi za kusugulia sakafu zilizoshonwa pamoja. Mabomba madogo yalinyunyiza maji ili mikeka iteleze. Watu walivaa viatu vile vizito, wakafunga mbao zao miguuni, wakapandishwa na mkanda mpaka juu, wakashuka. Safari nzima ni sekunde chache, kisha unapanga foleni tena. Watoto walikuwa wanalia wakiambiwa waondoke.

Sasa, mchana wa Texas mnaujua. Saa nane mchana ile plastiki ilikuwa inachoma kama kikaango, na hakuna mtu mwenye akili timamu angevaa suruali nene akapande kilima. Kwa hiyo kilima kiliishi jioni. Jua likizama, sisi tunawasha, magari yanaanza kuingia. Bila taa pale palikuwa ni rundo la udongo tu lililovikwa brashi. Leo ukipita utaona maghala, na malori yanayogeuka palepale watoto walipokuwa wanaangukia matako. Mimi nikipita napunguza mwendo, na mke wangu huwa haniulizi kwa nini.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja wa Kitexas, Darrell, msimamizi wetu. Mtu mrefu, mkimya, kofia haimtoki kichwani hata akila. Mimi nilifika nikiwa na cheti changu cha ufundi kutoka Tabora na miaka kumi ya kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, najiona nimebobea. Wiki ya kwanza akaniuliza taa iko wapi. Nikaonyesha juu ya nguzo. Akatikisa kichwa, akaonyesha chini, kwenye mkeka. Alikuwa na maana kwamba fundi wa taa haangalii taa, anaangalia inapoangukia. Nilimwona mzee anajifanya mwalimu wa dini. Ilinichukua mwaka mzima kumwelewa.

Nitawapa mfano mmoja. Mtu anayeteleza usiku anaona mabonde na matuta kwa kivuli tu. Ukiweka taa mbili zinazotazamana, kila moja inafuta kivuli cha mwenzake, na mlima unakuwa mweupe na bapa kama shuka. Mtu anashuka kwa raha zake, hajui mbele kuna tuta, anashtukia amekaa chini. Ukiweka taa usoni mwake, unampofusha. Taa nzuri inatoka ubavuni, kwa juu, nyuma kidogo ya anayeshuka. Na mkeka ukiwa umelowa unang'aa, kwa hiyo upime ukiwa umelowa, siyo ukiwa mkavu. Mimi niliwahi kupima mkavu. Jioni maji yalipofunguliwa, kilima kizima kiligeuka kioo, watu wakawa wanashuka wamejikinga macho kwa mkono mmoja. Darrell alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Halafu kuna zile taa zetu za zamani za umeme, zenye gesi ndani ya balbu. Nyinyi mmezoea LED, unabonyeza simu, inawaka. Zile za gesi zilikuwa na majivuno. Ukiiwasha, inaanza na rangi ya zambarau, inajifikiria, robo saa ndiyo inakubali kuwa nyeupe. Na ikizimika ikiwa ya moto, hairudi mpaka ipoe. Siku moja ya Jumamosi, watu wamejaa, nilikuwa natafuta fyuzi ya mashine ya soda nikazima swichi kuu. Giza. Nikairudisha harakaharaka, nikifikiri hakuna aliyeona. Giza likaendelea. Watu zaidi ya ishirini walikuwa juu ya kilima na mbao miguuni, hawawezi kupanda wala kushuka, wakaanza kuimba nyimbo za Krismasi, na haikuwa Krismasi. Walipofika kwenye wimbo wa tatu taa zikaanza kurudi moja moja. Tangu siku ile kila swichi iliandikwa jina kwa kalamu nene, na kwenye ile kuu Darrell aliandika jina langu.

Lakini kinachonifanya nishike kalamu leo ni habari ya sheria za taa, maana naona vijana mnazidharau. Mnasema ni karatasi za mji tu. Juzijuzi mchungaji mmoja wa Kikongo kule Alief aliniomba nimshauri kuhusu taa za uwanja wa magari wa kanisa lake. Akaniambia, "Papa, mimi nataka lumière, mwangaza, ionekane mpaka kwa barabara kubwa." Nikamuuliza nyuma ya uzio anaishi nani. Hakujua. Nikamwambia twende kwanza tukawajue, ndipo tuzungumze habari za balbu. Alidhani namzungusha. Nyinyi nitawaeleza kwa nini.

Mji wetu mdogo ule, unaopakana na Irving, ulikuwa na sheria tatu zilizotuhusu. Taa zisitazame juu, kwa sababu ndege zinashuka karibu. Zizimwe saa nne usiku, hata kama kuna mtu yuko katikati ya kilima. Na mwanga usivuke uzio kwenda kwa jirani zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibali. Mkaguzi wa mji alikuja na kipimo chake, akatembea kando ya uzio, na kila taa ilipokaa sawa Darrell alipiga mstari mdogo wa rangi nyekundu kutoka kwenye nati yake mpaka kwenye chuma cha nguzo. Mstari ukiwa umenyooka, taa haijaguswa. Darrell mwenyewe alitia sahihi kwamba hazitaguswa.

Sasa nisikilizeni.

Nguzo ya nane ilikuwa ya mwisho, pembeni kabisa, na nyuma ya uzio wake kulikuwa na nyumba za kupanga za ghorofa mbili. Kati ya maegesho yao na ngazi za nje palikuwa na giza totoro. Msimu wa baridi, jua linapozama mapema, kila jioni nilikuwa namwona mama mmoja anateremka kwenye gari akiwa na nguo za hospitali, mkoba begani, mifuko mikononi, simu kaibana kwenye meno imulike njia. Anapapasa ngazi kwa mguu. Jioni moja nikamwona amejikwaa, machungwa yakabiringika mpaka kwenye uzio wetu.

Mimi nimezaliwa Tabora, kwenye mtaa ambao nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kuvutiwa umeme. Baba hakuifunga ile balbu ya nje juu ya mlango wetu kama watu wengine. Aliifunga kwenye kona ya nyumba, ikamulika ua wa jirani na njia ya watu wote. Wanawake walichambua mchele pale, watoto wa mtaa walisoma pale. Kwetu mtu aliyegeuzia taa yake ndani peke yake aliitwa mchoyo, na jina hilo lilimfuata mpaka kaburini. Kwa hiyo mimi kumwona mtu anapapasa gizani hatua chache kutoka kwenye taa zetu, tena taa za kumwaga, roho iliniuma sana.

Kesho yake nilipopanda kubadilisha balbu ya nguzo ya nane, nililegeza nati, nikaisogeza taa kidogo kuelekea zile ngazi. Kidogo tu. Ule mstari mwekundu ukakatika katikati. Nikaukwangua, nikatoa kopo la rangi mfukoni, nikachora mwingine. Jioni yule mama aliposhuka kwenye gari akasimama, akatazama juu, akapanda ngazi zake bila simu mdomoni. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyechimba kisima. Sikumwambia mtu, kwa sababu sadaka haitangazwi.

Haukupita mwezi, barua ya mji ikafika. Mkazi wa nyumba za jirani analalamika kwamba taa za kilima zinaingia chumbani mwake mpaka saa nne usiku na hawezi kulala. Kesi itasikilizwa na bodi ya mji, na ikithibitika kibali cha taa kitafutwa. Darrell hakushtuka. Alizunguka nguzo zote, akatazama mistari yake, yote imenyooka, akaandika jibu kwamba anaapa kwa jina lake hakuna taa iliyoguswa. Aliandika mbele yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, nikakiweka chini bila kunywa.

Usiku ule nilimsimulia mke wangu, Mama Siti. Hakunipa pole. Aliniambia jirani akilalamika hatumiwi barua, unakwenda kwa miguu yako, na kwamba mimi sitakwenda peke yangu kwenye mlango wa mwanamke nisiyemjua. Jumapili akakaanga vitumbua, tukaenda, nami moyoni bado najipa matumaini kwamba huenda mlalamikaji ni mtu mwingine.

Aliyefungua mlango alikuwa yuleyule mama wa machungwa. Kabla sijakusanya Kiingereza changu, akageuka nyuma akamwambia mtoto wake, "Zima hiyo TV, kuna wageni." Mama Siti akacheka kwa mshangao, akapiga hodi upya kwa Kiswahili. Ikawa mikono na pole na karibuni. Jina lake Kerubo, Mkenya wa Kisii, nesi, analea mtoto peke yake. Lakini tulipomwambia tumetoka kilimani, uso ukabadilika.

Akasema, "Mimi sina ubaya na nyinyi. Lakini hiyo stima yenu inanipata hadi kwa kitanda. Mimi naamka saa kumi, saa kumi na mbili niko floor na wagonjwa. Nikikosa kulala saa mbili usiku, basi silali. Nimeweka blanket kwa window, bado." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Juzi nilikaribia kupea mgonjwa dawa ya mwenzake. Nilishtuka nikiwa nayo kwa mkono. Hiyo ndio ilifanya nikaandikia city."

Ndugu zanguni, nimewahi kupigwa shoti ya umeme mara mbili, na hakuna iliyonifikia mfupani kama maneno yale. Niliona aibu mbele ya mke wangu na mbele ya yule mtoto. Nikamwambia, "Dada, ile taa niliigeuza mimi. Nilikuona unajikwaa kwenye ngazi."

Kisha akasema taratibu, "Mzee, si ungeniuliza tu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Mama Siti alijaribu kumwomba aiondoe ile barua, akakataa kwa heshima. Alisema akiiondoa leo, kesho taa ikirudi hakuna atakayemsikiliza, na kwamba maneno niliyomwambia yeye nikayaseme palepale kwenye bodi. Vitumbua alipokea. Mpaka leo namsifu kwa yote mawili.

Kumwambia Darrell kulikuwa kugumu kuliko bodi. Nilimkuta asubuhi kwenye banda la vifaa anapanga spana. Nikamweleza yote, na rangi nyekundu pia. Hakunikatiza. Mwisho akaniuliza kitu kimoja, kama ningesema lolote iwapo mlalamikaji asingekuwa mtu wa kwetu. Nikaanza kumsaidia kupanga spana, na hilo likawa jibu langu. Akavua kofia, ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona upara wake, akasema jina lake alikuwa akilitumia kwenye mji ule tangu ujana wake na hajawahi kuliapia uongo. Halafu akavaa kofia akaenda kuwasha pampu. Kuuliza si ujinga, wanangu. Mimi sikumuuliza jirani, sikumuuliza bosi, nikajiona mwema.

Kwenye bodi walikaa watu watano nyuma ya meza ndefu. Mwenye kilima alikuwepo, maana msimu bila jioni ulikuwa ndio mwisho wake na wetu sote. Darrell alianza kusimama ili afute kiapo chake, nikamwahi. Nilisema kwa Kiingereza changu kilekile kwamba taa ilisogezwa na mimi, mstari nilichora mimi, na msimamizi wangu aliapa kwa nia njema kwa sababu nilimficha. Walinong'onezana. Mwenyekiti akamuuliza Kerubo anataka nini. Akajibu kwamba anataka kulala, basi.

Uamuzi ukawa huu. Tunapewa mpaka Ijumaa. Mkaguzi atakuja taa zikiwaka, nguzo ya nane irekebishwe mbele yake, na siyo kwa kipimo cha kwenye uzio peke yake, kwa sababu kipimo kinashikwa usawa wa kifua na kitanda cha yule mama kiko ghorofa ya pili. Mlalamikaji aseme mwenyewe kama mwanga umetoka. Asiporidhika, kibali kinafutwa usiku uleule.

Safari hii kabla ya kupanda nilikwenda kumuuliza Kerubo habari za ngazi. Akasema angefurahi kupata taa ndogo, ya chini, inayotazama miguu tu. Mwenye nyumba alikubali, nikaifunga mchana wa Ijumaa, imefunikwa kofia, mwanga wake hauvuki kidato cha mwisho.

Jioni, saa mbili na nusu, nikapandishwa na kreni, nimesimama ndani ya ndoo yake, mpaka kwenye nguzo ya nane. Chini yangu Darrell, mkaguzi na karatasi zake, na mwenye kilima aliyeshindwa kukaa. Tulikubaliana Kerubo atalala kitandani kwake kama kawaida, blanketi la dirishani limeondolewa, simu kando ya mto, na mimi nina simu kwenye sikio. Nikalegeza nati.

"Hapo je, dada?"

"Bado. Inanigonga kwa uso."

Nikasogeza upana wa kidole. Bado. Nikasogeza tena. Iko ukutani sasa, akasema, juu ya kabati. Taa ya moto, glavu zimelowa jasho, na upepo wa kaskazini unaitikisa ile ndoo ya kreni. Nilikuwa nahesabu pia kwamba nikizidisha, ile pembe ya kilima itakuwa giza na watoto wataumia. Ndiyo kazi yenyewe, wanangu: upana wa kidole kati ya mtu na mtu. Nikasogeza mara ya nne, kidogo kuliko zote.

"Hapo je?"

Kimya.

Nikafikiri simu imekatika. Nikatazama kioo, dakika zinaendelea kuhesabu. Nikaita tena, "Dada Kerubo?" Darrell kutoka chini akaniuliza kwa ishara ya mkono anasemaje. Mwenye kilima alikuwa ameshika kichwa. Nikaibana simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa sababu ya upepo, ndipo nikasikia pumzi, ndefu, nzito, na baada yake mkoromo mdogo wa mtu aliyechoka tangu siku nyingi.

Nikainama ukingoni mwa ndoo, nikawaonyesha kwa kiganja shavuni kwamba amelala.

Mkaguzi aliandika hivyohivyo kwenye karatasi ya mji, akatia sahihi. Darrell akanirushia kopo la rangi nyekundu. Nikakaza nati taratibu, nikihakikisha spana haigongi chuma.